Tunaagizwa Kupima Tusichoelezwa

Tumekaa kimya vya kutosha. Sisi developa wa kawaida, tunaorithi mifumo iliyoandikwa na watu ambao hatukuwahi kuonana nao, tuna neno la kuwaambia wakuu wa timu, mameneja wa miradi na wateja wanaogharamia kazi yetu. Acheni kutuagiza tuandike majaribio ya fanksheni za ndani ambazo hakuna hata mmoja kati yenu anayeweza kutueleza zinafanya nini na kwa nini zinafanya hivyo.

Agizo hilo huja kwa sura ileile karibu kila ofisi. Mfumo umekwisha kuanza kutumika. Walioutengeneza wamehama, au mkataba wao umemalizika, au mzabuni amekabidhi kazi na kwenda zake. Kisha anapita mkaguzi, anauliza majaribio ya kiotomatiki yako wapi, anajibiwa hayapo. Wiki inayofuata tunaitwa kikaoni: kila fanksheni iwe na jaribio lake, na mwisho wa mwezi asilimia 80 ya msimbo iwe imepitiwa na majaribio. Tunafungua faili la kwanza na kukuta fanksheni inayoitwa "_chk2". Inapokea vitu vitatu, "a", "b" na "flg", na inarudisha namba. Juu yake hakuna hata sentensi moja ya maelezo. Kwenye historia ya msimbo pameandikwa "marekebisho" na basi. Marekebisho ya nini, kwa ombi la nani? Aliyejua hayupo. Na hiyo ndiyo tunayotakiwa kuthibitisha kwamba iko sawa.

Iko sawa kwa kipimo kipi?

Jaribio la programu ni ushahidi. Unaandika matokeo unayoyatarajia, unaendesha msimbo, unalinganisha. Lakini matarajio hayo lazima yatoke nje ya msimbo wenyewe: kwenye sheria, kwenye mkataba, kwenye kanuni ya hesabu, kwenye mahitaji ya mtu atakayeutumia mfumo. Fanksheni isipokuwa na maelezo, chanzo hicho kinakosekana. Tunabakiwa na njia moja tu: kuendesha fanksheni, kutazama imerudisha nini, kulinakili jibu hilo ndani ya jaribio na kuandika kwamba ndilo tulilolitarajia. Jaribio linapita. Litakosaje kupita, wakati fanksheni imeulizwa swali na jibu limechukuliwa kwake yenyewe? Kama ndani yake mlikuwa na kosa, sasa kosa limepewa mlinzi.

Hebu tutazame jambo linalowagusa watu wa kwetu kila siku, yaani majina. Kenya kuna akina Ng'ang'a na Nyong'o, Usukumani kuna akina Ng'wandu. Ile ritifaa ni sehemu ya jina, kama ilivyo herufi nyingine yoyote. Lakini katika lugha ya SQL, ambayo mifumo mingi huitumia kuzungumza na hifadhidata, alama hiyohiyo ndiyo inayofungua na kufunga maandishi, na wavamizi wamekuwa wakiitumia kupenyeza amri zao. Dawa yake inajulikana tangu zamani: kupeleka amri na data kwa njia mbili tofauti, ili jina lisiweze kamwe kusomwa kama amri. Lakini developa mwenye haraka huandika fanksheni ya ndani, akaiita "_safisha", ikafyeka kila ritifaa inayokutana nayo. Haandiki sababu. Anaondoka.

Miaka inapita, nasi tunaagizwa kuandika jaribio la "_safisha". Tunaipa Ng'ang'a, inarudisha Nganga. Tunaandika kwamba Nganga ndilo jibu sahihi, taa inawaka kijani, asilimia inapanda. Huku nje, mwananchi anasimama dirishani akiambiwa kwamba jina lililo kwenye mfumo halilingani na la kitambulisho chake, basi akalete hati ya kiapo. Siku developa mwingine atakapolibaini tatizo na kulirekebisha, mfumo wa ukaguzi utamwashia taa nyekundu na msimamizi atamwambia amevunja jaribio. Atarudisha msimbo ulivyokuwa. Jaribio lililoandikwa ili kulinda haki ya mtumiaji litakuwa limeilinda dhuluma dhidi yake.

Namba za simu nazo zina kisa chao. Kwa miaka mingi, namba za simu za mkononi nchini Kenya zilianza na 07. Mwaka 2019 zikaanza kutolewa namba zinazoanza na 01. Watu wakanunua laini mpya, wakaenda kujisajili huku na kule, wakakutana na fomu zinazowaambia namba yao si halali. Ndani ya kila fomu ya namna hiyo kuna fanksheni fulani inayodai tarakimu ya pili iwe 7. Fanksheni hiyo ingeweza kuwa na majaribio kumi na yote yakapita bila wasiwasi, maana yaliandikwa kwa kuitazama yenyewe. Sentensi moja juu yake ingesaidia kuliko majaribio hayo yote: "Tunakubali 07 peke yake kwa kuwa ndizo namba zinazotolewa kwa sasa." Atakayesoma sentensi hiyo anajua mara moja kwamba sharti lile lina umri, na kwamba mamlaka ya mawasiliano ikibadilisha utaratibu, nalo lazima libadilike.

Manung'uniko yetu ya pili ni kwamba majaribio haya yanatufunga mikono.

Mwaka 1972 David Parnas alichapisha makala katika jarida la Communications of the ACM kuhusu namna ya kuigawa programu katika moduli. Hoja yake ilikuwa kwamba kila moduli inapaswa kuficha uamuzi fulani ambao huenda ukabadilika baadaye, ili siku ya kubadilika kwake moduli nyingine zisitikisike. Nje panabaki ahadi: ukinipa hiki, nitakupa kile. Ndani, mwenye moduli ana uhuru wa kupanga na kupangua apendavyo. Zaidi ya miaka 50 imepita, na lugha zote tunazotumia kazini zimebeba wazo hilo kwa namna zake. Java na C# zina neno la kuvifungia vitu vya ndani ya klasi. Katika C, fanksheni ikitangazwa kuwa "static" haionekani nje ya faili lake. Katika Go, jina linaloanza na herufi ndogo halitoki nje ya pakiti yake. Python haina kufuli, ina makubaliano tu: jina likitanguliwa na kistari cha chini, ujue ni la ndani, usiliguse.

Jaribio linaloishika fanksheni ya ndani moja kwa moja linaufuta uhuru huo. Tunataka kuigawa fanksheni ndefu kuwa mbili, majaribio yanavunjika. Tunataka kubadilisha mpangilio wa vitu inavyopokea, yanavunjika. Mtumiaji hajaona tofauti yoyote, hesabu ni zilezile, ripoti ni zilezile, lakini taa nyekundu zimetapakaa nasi tunakesha kurekebisha majaribio ambayo hayajagundua kosa lolote. Mwishowe watu wanaacha kuugusa msimbo. Unazeeka na uchafu wake ndani, huku kila mtu akiogopa kuwa yeye ndiye atakayeonekana ameuvunja.

Dunia nzima ya Java ililionja hili. Ndani ya Java kulikuwa na sehemu zilizokusudiwa kwa matumizi ya wenyewe tu, mashuhuri kuliko zote ikiwa "sun.misc.Unsafe", inayomruhusu mtu kuishika kumbukumbu ya kompyuta moja kwa moja. Haikuwa ahadi kwa mtu yeyote. Hata hivyo maktaba nyingi kubwa ziliitegemea kwa ajili ya kasi yake. Mpango wa kuzifunga sehemu za ndani ulipotangazwa kabla ya Java 9, iliyotoka mwaka 2017, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba "Unsafe" ikaachwa wazi kwa muda. Ni Java 16, mwezi Machi 2021, iliyofunga sehemu nyingine nyingi za ndani kama desturi, na wengi wakakuta programu zao zinagoma baada ya kupanda toleo. Anayetegemea cha ndani cha mwenzake huumia mwenzake anapopanga upya nyumba yake. Nalo jaribio ni mtegemezi kama mtegemezi mwingine yeyote. Kwa nini basi tujitengenezee wategemezi wa namna hiyo kwa mamia, kwa mikono yetu wenyewe, kwa amri ya ofisi?

Tatu, asilimia. Tumechoka na asilimia.

Kipimo cha ufunikaji husema ni mistari mingapi ya msimbo imepitiwa wakati majaribio yanaendeshwa. Kwa fundi ni taa nzuri: humwonyesha sehemu ambazo hazijaguswa kabisa. Lakini ikifanywa lengo la robo mwaka na kutundikwa kwenye tathmini ya kazi, inakoma kuwa taa. Mchumi Mwingereza Charles Goodhart alilitambua jambo hili tangu 1975 akizungumzia sera za fedha: kipimo kikitumiwa kuwashinikiza watu, hakiaminiki tena kama kipimo. Katika kazi yetu, shinikizo hilo ndilo linalotusukuma kwenye fanksheni za ndani. Ndizo nyingi, ndizo fupi, na kuiita kila moja mara moja ni njia rahisi kuliko zote ya kuipandisha namba ile. Meneja anapata grafu ya kupeleka bodini. Mtumiaji hapati chochote.

Na hata namba hiyo ingefika 100, bado isingewaambia mnachotaka kukijua. Kumbukeni Heartbleed, kasoro iliyotangazwa mwezi Aprili 2014 katika OpenSSL, maktaba iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani. Upande mmoja wa mawasiliano ulituma ujumbe mfupi pamoja na namba inayotaja urefu wake, na upande wa pili ukatakiwa kuurudisha ujumbe uleule. Msimbo uliiamini ile namba bila kuilinganisha na urefu halisi wa ujumbe. Aliyedanganya urefu alirudishiwa hadi kilobaiti 64 za yaliyokuwa jirani kwenye kumbukumbu ya seva, na humo mngeweza kuwamo nywila na funguo za siri. Kosa lilikuwa mstari ambao haukuwepo. Ufunikaji huhesabu mistari iliyopo. Jaribio lenye ujumbe mwaminifu lingepita katika kila mstari wa sehemu ile, likaandikiwa asilimia 100, na tundu likabaki wazi. Lililohitajika ni mtu anayejua ahadi ya fanksheni ile, yaani kwamba hairudishi zaidi ya ilichopewa, halafu akaijaribu kwa kuidanganya. Bila maelezo ya ahadi, hakuna wa kuwaza kuivunja.

Nne, tunaagizwa kupima hata vilivyokufa. Katika mifumo tunayorithi zimo fanksheni ambazo hakuna sehemu yoyote inayoziita. Zilikuwa za huduma iliyofutwa au za benki iliyoacha kushirikiana nasi. Tukiomba kuzifuta tunaambiwa tusiguse, pengine siku moja zitahitajika. Tukiziacha, zinahesabiwa kwenye asilimia, basi inabidi tuziandikie majaribio. Nguvu kazi ya nchi inateketea hapo.

Wanaotuzuia kufuta wausome mkasa wa Knight Capital, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani. Kwenye seva zake ulikuwamo msimbo wa zamani ulioitwa Power Peg, ambao kampuni iliacha kuutumia mwaka 2003 lakini haikuufuta. Mwaka 2005 sehemu iliyohesabu hisa zilizokwisha kununuliwa ilihamishwa mahali pengine, na hakuna aliyerudi kuangalia kama Power Peg bado ingejua pa kusimama. Mwaka 2012 swichi iliyokuwa ikiuwasha msimbo ule ikapewa kazi mpya. Msimbo mpya ulipaswa kuwekwa kwenye seva 8, ukakosekana kwenye moja. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti, seva hiyo iliamsha Power Peg, ikamwaga maagizo sokoni bila kukoma. Kwa muda wa dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 400, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imekubali kununuliwa. Msimbo ule ungefutwa mwaka 2003, swichi ingekosa cha kuamsha.

Tunajua wakuu wetu watakavyojibu. Watasema hesabu zote nzito hufanyika ndani: riba, makato, usimbaji, uhakiki wa saini. Mkipima nje peke yake, makosa ya ndani yatajificha. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuikwepi.

Mwezi Februari 2014 kampuni ya Apple ilitoa marekebisho ya dharura ya iOS, toleo 7.0.6. Ndani ya faili moja la msimbo wake wa usalama kulikuwa na fanksheni ya ndani, iliyotangazwa "static", yenye kazi ya kuhakiki saini ya seva wakati simu inapoanza mawasiliano ya siri. Mstari mmoja unaoiamuru programu kurukia mwisho wa fanksheni ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo. Ule wa pili ulikuwa hauna sharti juu yake, kwa hiyo programu iliruka daima, ikaipita hatua ya kuhakiki saini, na kurudisha jibu kwamba mambo yote ni salama. Aliyekaa katikati ya mawasiliano angeweza kujifanya tovuti yoyote ile. Huo ni uzembe wa ndani kabisa, na watu wengi tangu hapo wameutumia kudai kwamba kila fanksheni ya ndani iwe na jaribio lake.

Sisi tunausoma mkasa huo tofauti. Kosa lile lingekamatwa mlangoni: unaiunganisha programu na seva yenye saini ya uongo, unadai mawasiliano yakataliwe. Ahadi ya mlangoni ilikuwa wazi kwa kila mtu, na hakuna haja ya kujua fanksheni gani ya ndani inahusika. Tena hatua za hesabu zilizokuwa ndani ya fanksheni ile zilikuwa zimenakiliwa sehemu zaidi ya moja katika faili lilelile. Zingekusanywa mahali pamoja, zikapewa jina na maelezo, zingepimika kwa urahisi na mstari uliojirudia ungekosa pa kujificha. Kwa hiyo dawa zilikuwa mbili: pima ahadi ya nje kwa ukali, na kilicho kizito ndani kitoe kwenye mwanga. Kuiandikia jaribio fanksheni iliyozikwa, bila kuieleza na bila kuitoa, hakupatikani katika dawa hizo.

Hata waliotengeneza lugha za programu hawakuafikiana juu ya jambo hili, na kutoafikiana kwao kuna funzo. Rust inaruhusu majaribio kuziona fanksheni za ndani, na kitabu chake rasmi kinakiri kwamba mafundi wanabishana kama ni vyema kuzipima moja kwa moja. Go nayo inaruhusu jaribio liwekwe ndani ya pakiti, lakini imeacha njia ya pili, ya kuliweka nje ili lione kile tu anachokiona mtumiaji. C# ina njia ya kuifungulia pakiti ya majaribio vitu vya ndani. Wote hao wamempa fundi ruhusa, wakamwachia na uamuzi. Ruhusa ile ofisini kwetu imegeuzwa kuwa amri, na uamuzi umehamishiwa kwa mtu anayetazama asilimia.

Wala hatukatai kwamba yako mazingira ambamo kunakili tabia ya sasa ya msimbo ni busara. Michael Feathers, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu msimbo uliorithiwa, alieleza njia hiyo: kabla ya kuugusa msimbo usioufahamu, andika majaribio yanayorekodi unavyofanya sasa, ili utambue ukiubadilisha bila kukusudia. Tunaitumia njia hiyo na inatusaidia. Lakini kumbukumbu ya tabia si hukumu kwamba tabia hiyo ni njema. Majaribio ya namna hiyo ni jukwaa la muda la mtu anayejiandaa kufanya ukarabati. Ofisi zetu huyachukua na kuyaita uthibitisho wa ubora, huyaweka kwenye ripoti ya mteja, na ukarabati wenyewe haufanyiki kamwe.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Fanksheni isiyoelezwa ni maradhi yaliyofichwa, na idadi ya majaribio yaliyorundikwa juu yake haiyatibu. Ndiyo maana tumeamua kusema tunachotaka, waziwazi.

Tunataka maelezo yatangulie majaribio. Kila fanksheni ya ndani tunayoagizwa kuipima iwe kwanza na maneno machache yanayosema inapokea nini, inarudisha nini, na kwa nini inafanya hivyo. Aliyeiandika kama bado yupo, aketi nasi. Kama hayupo, basi aketi nasi mwenye kazi yenyewe: mhasibu anayejua riba inakokotolewaje, afisa mikopo anayejua faini inaanza siku gani, karani wa masijala anayejua majina huandikwaje. Hao ndio wanaojua lipi ni sahihi. Kuwauliza ni kazi halali na ihesabiwe kwenye ratiba kama kazi nyingine. Hivi sasa tukionekana kwa mhasibu asubuhi nzima tunaulizwa kwa nini hatuandiki msimbo.

Tunataka majaribio mengi yawe mlangoni, pale mtumiaji anapoweka kitu na kupokea kitu. Sajili mtu mwenye ritifaa katika jina, kisha mtafute kwa jina lake. Weka namba inayoanza na 01. Lipa mkopo siku moja kabla ya tarehe na siku moja baada yake. Majaribio ya namna hiyo yanasomeka hata na asiyejua programu, na mteja anaweza kuyapitia na kusema hivi ndivyo, hivi sivyo. Yatadumu hata tukiubomoa ndani wote na kuujenga upya.

Tunataka ruhusa ya kukitoa ndani kile kilicho kizito. Kama hesabu ya riba imezikwa katikati ya klasi yenye mistari elfu mbili, tuachiwe tuihamishie kwenye moduli yake, tuipe jina linaloeleweka, tuiwekee ahadi, ndipo tuipime kwa kila pembe. Hapo itakuwa na mlango wake na kuipima kutakuwa halali kabisa. Tusiambiwe kwamba kupanga upya ni anasa ya baadaye.

Tunataka pia ruhusa ya kufuta kilichokufa. Historia ya msimbo inahifadhi kila kilichofutwa, na anayekihitaji atakipata huko. Tunataka majaribio yanayorekodi tabia ya sasa yatengwe na kupewa alama yake, ili anayekuja baadaye asiyachukue kama sheria. Na asilimia ya ufunikaji ibaki mezani kwa mafundi, iondolewe kwenye tathmini ya mfanyakazi na kwenye vigezo vya malipo.

Wenzetu mnaoandika msimbo mpya leo, nanyi tunawaomba. Kabla hujaondoka kwenye faili, andika sentensi tatu juu ya fanksheni yako. Usiandike inachofanya mstari kwa mstari, maana hicho tutakisoma wenyewe. Andika sababu: ni sheria ipi, ni ombi la nani, ni hali gani ikibadilika nayo ibadilishwe. Hilo linachukua dakika chache kwako, na humwokolea wiki nzima mtu ambaye hutamjua.

Na ninyi wateja, taasisi na vyama vya ushirika mnaolipa fedha za wanachama kununua mifumo hii, nguvu kubwa iko mikononi mwenu, kwa sababu mzabuni huwasikiliza ninyi kabla yetu. Mkataba mtakaosaini safari ijayo uwe na kifungu kinachosema hivi: malipo ya mwisho hayatatolewa mpaka kila kanuni ya hesabu, ya majina na ya tarehe iliyomo ndani ya mfumo iwe imeandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza kinachoeleweka, na mfanyakazi wenu anayeifahamu kazi hiyo awe ameisoma na kuikubali. Majaribio tutawaandikia.